Kuiva katika unajimu: mwongozo kwa wanaoanza Mtwara na Lindi

Ukitaka kujua mnajimu ameiva kiasi gani, mtoe nje saa mbili usiku umwombe akuonyeshe sayari ya Mshtarii (Jupita). Wengi watatazama simu kwanza. Mwongozo huu nauandika kwa kijana wa Mtwara, Lindi, Kilwa au Masasi aliyeanza kusoma nyota, pengine ameshaanza kupokea watu wawili watatu barazani, na sasa anataka kazi yake iwe na uzito. Ninashikilia mambo mawili. Lijue anga la kwenu kabla ya kulisemea. Halafu, kila anayekaa mbele yako aondoke na jambo analoweza kulifanya mwenyewe kesho yake. Ustadi na moyo mwema wa kazi hii vinatoka humo.

Hatua ya kwanza: toka nje usiku

Kabla ya kununua kitabu kingine, tafuta giza. Tunalo la kutosha. Msimbati na Ruvula giza ni tele, Mikindani ukisogea mbali kidogo na taa za barabara panatosha, na waliopo Lindi mjini wakivuka ghuba kwenda Kitunda wataliona anga lote. Kwa mwezi mzima, kila usiku usio na mawingu, andika mwezi uko wapi na umepakana na nyota zipi. Utashuhudia mwenyewe kile ambacho vitabu vinakitaja kwa mstari mmoja: mwezi hukaa katika kila buruji, yaani kila moja ya sehemu 12 za njia ya jua, takriban siku mbili na nusu, hulizunguka anga kwa siku 27 na kidogo, na kutoka mwandamo hadi mwandamo huchukua siku 29 na nusu.

Ukishauzoea mwezi, zitafute sayari. Nyota hupepesa, sayari hutulia. Zuhura inang'aa kuliko zote na haiachani mbali na jua, kwa hiyo usiitafute usiku wa manane. Utaridi ni ngumu zaidi, huonekana kwa muda mfupi tu karibu na machweo au mapambazuko. Mirihi ina wekundu, Mshtarii ni nyeupe yenye nguvu, Zohali ina umanjano uliopoa. Programu ya bure kama Stellarium itakusaidia kuhakikisha, lakini jibu kwanza kwa macho, halafu ndipo ufungue simu.

Sisi wa kusini tuna jambo ambalo wengi hawalithamini. Vitabu vingi vya unajimu vimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako kundi la nyota la Nge hujikokota pembeni mwa upeo. Hapa kwetu, jioni za Juni hadi Agosti, Nge hupita juu kabisa, mkia umekunjwa, moyo wake mwekundu unaonekana bila shida. Kilimia nacho, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, wazee wa pwani walikifanya kalenda: «Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.» Ukikaa na mkulima au nahodha mzee akakueleza alivyokuwa akikitumia, sikiliza mpaka mwisho. Hiyo ni elimu ya nyota iliyopimwa kwa mashamba na kwa safari za kaskazi na kusi.

Nenda pia ufukweni na wachokoa pweza. Wanajua bila daftari kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji makubwa, na kwamba mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu. Katika pwani yetu bamvua huvuta maji kwa zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Mnajimu anayezungumzia nguvu ya mwezi huku hajui leo maji yanakupwa saa ngapi ataonekana mgeni mbele ya mama anayerudi na ndoo yake.

Na zoezi moja la mchana: simamisha fimbo wima karibu na tarehe 21 Februari au 21 Oktoba. Siku hizo jua hupita utosini kwetu, na kivuli cha fimbo karibu kitoweke kabisa. Utaelewa latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, ni nini bila mwalimu.

Hatua ya pili: saa na mahali, bila kukisia

Hapa ndipo chati nyingi, yaani michoro ya anga la wakati mtu alipozaliwa, zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtwara mjini iko takriban digrii 10 na dakika 16 kusini mwa ikweta, na digrii 40 na dakika 11 mashariki. Lindi ni karibu digrii 10 kamili kusini, na digrii 39 na dakika 43 mashariki. Ziandike ukutani. Unapoingiza mahali kwenye programu, hakikisha umechagua kusini. Ukiacha kaskazini, buruji inayochomoza na nyumba zote (zile sehemu 12 za chati, kila moja ikisomewa upande wake wa maisha) hukosewa, na chati itaonekana nadhifu vilevile, haitakupa dalili yoyote ya kosa.

Saa yetu rasmi imetangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu kamili, lakini jua halifuati serikali. Kwa wastani hufika kilele chake Mtwara saa sita na dakika 19 mchana, na Lindi saa sita na dakika 21. Programu hulihesabu hilo yenyewe ukiipa mahali sahihi. Anayechora kwa mkono lazima alijue. Kwa waliozaliwa zama za ukoloni kuna la ziada: saa rasmi ya Tanganyika haikuwa hii ya leo wakati wote, basi angalia jedwali la saa za mwaka husika.

Kisha mteja mwenyewe. Akisema «saa mbili», muulize ya asubuhi au ya usiku, na uandike kwa saa za kimataifa hapohapo: saa mbili usiku ni 20:00. Akisema «nilizaliwa usiku wa Ijumaa», usiendelee kabla hujamuuliza kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au usiku baada ya Ijumaa. Kwa hesabu ya kizee ya pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo bibi anayesema usiku wa Ijumaa huenda anamaanisha Alhamisi jioni. Siku nzima imebadilika, na mwezi umesogea zaidi ya digrii 12.

Buruji inayochomoza husogea digrii moja kwa kila dakika nne, na kwa takriban saa mbili inakuwa imebadilika kabisa. Basi omba kadi ya kliniki, huenda imeandikwa saa ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kitakupa tarehe. Kama mama mzazi yupo hai, kumbukumbu yake ya adhana ipi ilikuwa inasomwa au watoto walikuwa wanakwenda shule inafaa sana.

Wazee wasiojua tarehe usiwatungie. Waulize matukio: alikuwa ameshazaliwa wakati wa mpango wa karanga Nachingwea, ulioanza 1947? Alikuwa mkubwa kiasi gani kimbunga kilipopiga Lindi Aprili 1952? Alikuwa anatembea siku ya uhuru, Desemba 1961? Aliingia jando au unyago mwaka gani, na nani wenzake? Alipohamishwa na familia kwenye Operesheni Vijiji miaka ya 1970 alikuwa tayari na watoto? Kwa njia hiyo utaupata mwaka, wakati mwingine na msimu. Saa hutaipata. Mwambie wazi kwamba utamsomea sayari zinazokwenda polepole tu, na kwamba nyumba 12 hutazigusa. Heshima utakayopata kwa kusema hivyo ni kubwa kuliko ya chati ya kubuni.

Hatua ya tatu: shika mfumo mmoja kwanza

Mteja wetu wa pwani anaweza kuwa ameshaambiwa nyota tatu tofauti. Kwenye gazeti ni Mizani. Kwa mtu wa falaki (elimu ya nyota) aliyehesabu jina lake na la mama yake ni Ndoo. Kwa programu ya simu inayofuata Wahindi ni Mashuke. Anakuja kwako amechanganyikiwa, na ni kazi yako kumweleza kwa utulivu.

Unajimu wa magazetini, ule ambao marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliwazoesha Watanzania wengi, hugawa njia ya jua kuanzia pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Wahindi huanzia kwenye nyota zenyewe, na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole sana, mifumo hiyo miwili sasa imeachana kwa takriban digrii 24. Hesabu ya abjadi ni jambo jingine kabisa. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: Musa ni 116, Fatuma mama yake ni 135, jumla 251. Gawanya kwa 12, inabaki 11, na ya kumi na moja ni Dalu, yaani Ndoo. Anga halikutazamwa hata mara moja. Naiheshimu kama urithi wa wazee wetu, ila usimpe mtu jibu la abjadi kisha ukamwambia ni chati ya kuzaliwa. Mweleze umetumia njia gani. Na wewe mwenyewe, kwa mwaka wa kwanza au wa pili, fuata mfumo mmoja mpaka uujue usingizini.

Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa falaki, alipoandika kitabu cha kufundisha fani hii mwaka 1029 alianza na jiometri, akafuata hesabu, akaja kwenye umbo la ulimwengu, na unajimu akauweka mwisho. Alisema asiyezijua zote hizo hastahili kuitwa mnajimu. Sidhani kama kuna mpangilio bora wa kujifunza.

Hatua ya nne: ijue mipaka kabla mteja hajaigundua

Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson wa Marekani. Wanajimu walipewa chati, na kwa kila chati maelezo ya tabia za watu watatu, wachague ya mwenye chati. Hawakupita kiwango cha kubahatisha. Mnajimu anayeanza alijue hilo mapema na asilikimbie. Sayansi haijaukubali unajimu kuwa njia ya kutabiri, na mteja akikuuliza mjibu hivyohivyo.

Sasa unabaki na nini? Unabaki na lugha ya kale ya kuzungumzia majira ya maisha, na mtu aliyetenga saa nzima ayatazame maisha yake mbele ya mwenzake asiyemhukumu. Hilo lina thamani kubwa ukilishika kwa uaminifu. Mimi husema «wanajimu husoma hivi», sisemi «itakuwa hivi», na sijaona mteja aliyevunjika moyo kwa sababu hiyo. Moyo wako mwenyewe nao hupumua, maana hujabeba mzigo wa kuwa mjuzi wa ghaibu.

Upande wa dini uwe mwangalifu. Masheikh wengi hutenganisha falaki ya kibla, nyakati za swala na mwandamo wa mwezi na utabiri, ambao wanaukataza. Mapadri na wachungaji wengi pia wana msimamo mkali. Mtu akikwambia kiongozi wake wa dini kamkataza, mshukuru kwa kusema, mpe maji ya kunywa, muagane vizuri.

Hatua ya tano: namna ya kusema

Hii ndiyo hatua inayotenganisha fundi na mkariri. Mpangilio ninaoutumia ni huu: anza na nguvu unayoiona kwenye chati, taja ugumu pamoja na muda wake, malizia na swali linalomrudisha kwenye maisha yake.

Muda ni muhimu sana. Zohali hukaa katika buruji moja takriban miaka miwili na nusu, na hulizunguka anga kwa miaka 29 na nusu. Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Utaridi huonekana kurudi nyuma angani mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara kama wiki tatu. Ugumu wowote unaousoma, basi, una tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mtu aliyechoka anahitaji kuisikia hiyo ya kuisha.

Tuseme mkulima wa Tandahimba amekuja Agosti, na Zohali iko katika nyumba yake ya mali. Mnajimu mbovu atamwambia, «Mzee, mwaka huu mali yako ina nuksi.» Mzee atarudi nyumbani akiwa na hofu tu. Jaribu hivi:

«Shikamoo mzee wangu. Naona Mshtarii mahali pazuri kwa kazi za mikono na za ardhi, na wewe umeshikilia mikorosho yako miaka mingi. Zohali katika nyumba ya mali wanajimu huisoma kuwa wakati wa kubana na kuhesabu, na inatoka hapo mwakani mwishoni. Hebu niambie, deni la salfa ya kupulizia mikorosho na pembejeo nyingine limekaaje?»

Ataanza kueleza. Deni lipo, mtoto anaingia kidato cha kwanza Januari, na kuna mchuuzi anamshawishi auze korosho kwa kangomba, yaani kinyemela kwa bei ya chini, kabla ya mnada. Hapo mazungumzo yameshafika yanakotakiwa. Hujamtabiria chochote cha kutisha, na mnaweza kukaa mkaandika kwenye karatasi kiasi gani cha malipo ya AMCOS, chama chake cha ushirika, kitaenda kwenye deni na kiasi gani kwenye mahitaji ya shule. Akiondoka na karatasi hiyo, umefanya kazi yako.

Msichana akiuliza «nitaolewa lini?», usimpe mwezi. Muulize anamtaka mtu wa namna gani, na nini kilimuumiza huko nyuma, kisha isome nyumba ya saba, ile ya ndoa, ukiwa na majibu yake. Na kijana anayetaka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, tazama naye safari, ndiyo, lakini muulize atafikia kwa nani.

Kuna maneno ya kuyafuta kabisa mdomoni. «Umefungwa.» «Nyota yako imechafuka.» «Una kisirani.» Na biashara ya kusafisha nyota usiiguse, hata mteja akikuletea fedha mkononi. Sayari haipati uchafu. Anayemwambia mtu nyota yake ni chafu kisha akamtoza kuisafisha anauza hofu aliyoipanda mwenyewe, na mimi namuona ni mwizi wa matumaini ya watu maskini.

Usidanganye pia kwa utamu. Matumaini ya uongo huisha wiki ya pili, na aliyeyapokea hukosa wa kumwamini. Mama mwenye biashara inayokufa asikilizwe kwanza, akilia mwache alie.

Hatua ya sita: maswali usiyoyajibu

«Nani ananiroga?» Usijibu, wala kwa jina, wala kwa ishara kama «mtu mwembamba wa upande wa mama». Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabu anayemtaja mtu kuwa mchawi kama mkosaji, na nchi yetu imeona vikongwe wakiuawa na watu wenye ualbino wakishambuliwa kwa sababu ya maneno ya namna hii. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Ndugu yangu, jina moja lililotajwa barazani linaweza kuchoma nyumba ya bibi wa watu.

«Nitakufa lini?» Hapana. «Nani kaiba simu yangu?» Mpeleke polisi.

Ugonjwa haukuhusu. Homa ya mtoto, uvimbe, kikohozi cha wiki tatu, mama mjamzito anayevimba miguu: mkatishe mazungumzo umwelekeze hospitali. Mtwara wapo Ligula na hospitali ya kanda pale Mitengo, Lindi mjini ipo Sokoine, na bara kuna Ndanda na Nyangao. Aliyepigwa na mumewe apelekwe kwenye dawati la jinsia la polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Anayesema hataki kuishi, usimwache peke yake mpaka awepo ndugu na mhudumu wa afya. Dawa usitoe. Tiba asili ina sheria yake na baraza lake la kusajili, na chati haikupi leseni.

Hatua ya saba: daftari, ada na mwenzako wa kazi

Kila ulichosema kiandike siku hiyohiyo, kwa tarehe, bila jina la mteja. Weka safu mbili: nilisema nini, na kilitokea nini. Ukilisoma baada ya miezi sita utaona ni wapi husema mengi kuliko unayojua, na ni maswali gani yaliyowasaidia watu. Utaona pia maneno unayoyarudia kwa kila mtu. Hayo yaache, hayamhusu yeyote.

Moyo nao una kikomo. Kusikiliza misiba ya watu kutwa kunachosha, na mnajimu aliyechoka huanza kuona Zohali kila mahali. Usipokee watu ukiwa na hasira au msiba wako mwenyewe. Jipangie idadi kwa siku na usiivuke, hata foleni ikifika barabarani. Wiki moja kila robo ya mwaka funga baraza, rudi kwenye anga tupu bila chati ya mtu yeyote.

Ada iwe moja, ijulikane kabla mteja hajakaa. Kishawishi kikubwa huja minada ya korosho inapoanza Oktoba, fedha zinapozunguka Newala na Masasi na watu wanaona kila kitu kinawezekana. Usipandishe bei. Wala usimpokee mtu huyohuyo kila wiki kwa swali lilelile. Mwambie arudi baada ya miezi mitatu, na aje na habari ya alichofanya.

Mwisho, tafuta mnajimu mmoja mnayeaminiana, hata kama yuko Kilwa na wewe uko Mikindani. Mara moja kwa mwezi mtumiane chati moja isiyo na jina, kila mmoja aisome peke yake na kuandika kwanza, ndipo mfananishe. Mnapotofautiana, andika sababu zako na zake kwenye daftari lako, na chati ya mwezi unaofuata mwache yeye aichague.